Babu wa Kwenye Kochi

Mama Saluni hakuketi. Alilisogelea lile kochi la watu watatu polepole, kama mtu anayechungulia kisima, akainama, akavuta pumzi moja, kisha akaruka nyuma kiganja kikiwa puani.

"Fundi! Hiki kitu umekitoa wapi, jikoni kwa shetani?"

Watu wawili waliokuwa wakipita wakasimama. Hakuna kinachosimamisha wapita njia kama mwanamke aliyevaa vizuri akiziba pua. Fundi Kochi alikuwa amechutama, anapangusa mguu wa kochi ambao ulikwisha kung'aa tangu asubuhi. Alitabasamu lile tabasamu la wafanyabiashara, linaloanzia kwenye meno na kuishia hapo hapo.

"Ni vanishi hiyo, Mama. Vanishi ikiwa mpya ina kelele. Itanyamaza."

"Vanishi naijua. Hii ni sigara. Sigara iliyochacha! Wateja wangu waje kusukwa, waondoke wananuka kama wamelala baa? Hivi wewe pua unayo, au uliiazima na mwenyewe kaja kuichukua?"

Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, maana mtu akichekwa barabarani ni heri ajiunge na wengi. Lakini moyo wake ulikuwa umedondoka mpaka kwenye ndara. Mama Saluni alikuwa amerusha jiwe gizani, na jiwe limempata mtu.

Pua Fundi alikuwa nayo, tena kubwa, ya ukoo. Kazi yake tu ndiyo ilikuwa imekwisha. Gundi ya sponji, miaka nenda rudi, katika vibanda visivyo na dirisha, ilimwondolea kwanza harufu ya maua, naye akasema maua si chakula. Ikamwondolea harufu ya chakula, akasema bora ulimi upo. Siku alipokaa karibu na sufuria linaloungua asijue, ndipo alipoogopa, na hakumwambia mtu. Fundi wa makochi ya mitumba asiyenusa ni sawa na mpishi asiyeonja. Kupika atapika, ila nani atakula?

Basi kwa hofu hiyo akatoa neno ambalo lingefaa kukaa tumboni.

"Mke wangu ndiye aliyelichagua, Mama. Mimi nilimwachia yeye. Unawajua wanawake wakiingia mnadani, hata moto watanunua."

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Ndani cherehani ilikuwa ikilia. Ikanyamaza.

Mama Saluni akafungua mwavuli wake, maana manyunyu yalikuwa yameanza. "Jumamosi nakuja na pua yangu hii hii. Likiwa bado linanuka, nipe kianzio changu nikatafute fundi mwenye viungo vyake vyote."

Kianzio kilikuwa kimekwisha kugeuka sponji ya juu, kitambaa cha zambarau na dawa ya kupuliza ya kifua cha mtoto wake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kugeuka tena kuwa noti.

*

Mke wa Fundi hakupiga kelele, hakuvunja sahani, wala hakufunga nguo kurudi kwao. Alifanya jambo baya zaidi: alinyamaza. Alimwekea mume chakula, akamfulia shati, ila neno lake hakumpa. Akiwa na la kusema alimtuma mama mkwe wake, ambaye alikuwa ameketi katikati yao na kikombe cha chai.

"Mama, mwambie mwanao maji ya kuoga yapo."

"Fundi, maji yapo."

"Mama, mwambie nimesikia," Fundi naye akajibu.

"Amesikia," Bibi akasema. "Masikio anayo, tunashukuru. Na nyinyi wawili mjue kwamba posta hii ina malipo. Kila barua, kipande cha nyama. Mkiendelea hivi mpaka mwisho wa mwezi nitakuwa nimenenepa."

Mjukuu wake wa kike akacheka mpaka kifua kikapiga mluzi. Ndiyo maana walimwita Kifaranga: kila baridi ikiingia, au vumbi, au kicheko kikizidi, kifua chake kilitoa sauti nyembamba kama ya kifaranga aliyeachwa na mama yake. Wakubwa wote watatu waliacha kutafuna. Mluzi ukapungua, ukaisha. Wakaendelea kula, kila mtu akijifanya hakusikia.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Cha ndani walilala Fundi na mkewe. Cha mbele palikuwa na cherehani, meza, na kitanda cha Bibi na Kifaranga. Tangu manyunyu yale, kochi nalo lilikuwa humo humo, maana kibanda cha nje kilikuwa kinavuja. Lilijaa chumba kama mgeni mnene asiyejua saa ya kuaga.

Mama mtoto alikuwa na sababu yake ya kununa, na haikuwa ile aibu ya barabarani peke yake. Siku walipolinunua, harufu aliisikia. Nyumba palipofanyika mnada ilikuwa ya mzee mmoja mstaafu aliyekaa miaka yake ya mwisho juu ya kochi hilo, dirisha limefungwa, sigara moja ikiwasha nyingine, mpaka kifua kikamchukua. Watoto wake walikuwa wanauza hata vijiko. Mke wa Fundi aliona mbao ni ngumu, maungio hayachezi, akamwambia mumewe: tulichukue, ila toa sponji yote, mpaka ile ya chini, na ukanda wote unaoishikilia, na mbao zioshwe kwa sabuni. Mume akatoa ya juu tu. Ya chini ilikuwa nzima, na nzima haitupwi. Alipomuuliza kuhusu harufu, alisema kwa sauti ya mtaalamu, "Imekwisha kabisa." Naye akamwamini, kwa sababu ni kazi yake. Sasa mtu aliyesema imekwisha ndiye aliyemvua nguo mbele ya Mama Saluni.

Kulikuwa na jambo jingine asilomwambia hata Bibi. Kila alipolipita lile kochi alimfikiria yule mzee. Aliyekalia hapo alikufa kwa kifua, na ndani ya chumba hicho hicho analala mtoto mwenye kifua. Aliamka alfajiri, akasimama kwenye pazia linalogawa vyumba, akasikiliza. Akisikia pumzi inakwenda na kurudi, alikwenda kuwasha jiko. Asiposikia upesi, aliingia akaweka kiganja kifuani mwa mtoto.

*

Harufu ile waliipa jina. Bibi ndiye aliyeanza. "Babu bado yupo," alisema akipita. "Leo kahamia kwenye mkono wa kushoto." Tangu hapo ikawa Babu.

Fundi alimwandama Babu kwa kila alichokijua. Jua lingemtoa kwa siku mbili, lakini jua lenyewe lilikuwa limekwenda likizo. Akaweka mkaa kwenye makopo chini ya kochi. Akanyunyiza magadi kwenye sponji, akayaacha yalale, akayapangusa. Akasugua mbao kwa maji ya sabuni. Akatandaza unga wa kahawa juu ya magazeti, na Bibi akauliza kama Babu atakunywa na sukari au bila.

Tatizo ni kwamba baada ya kila dawa, Fundi hakujua kama imefanya kazi. Mtu mwingine angeinama akanusa. Yeye aliinama akaona sponji. Kabla ya ugomvi alikuwa na ujanja wake. Angemwambia mkewe, "Hebu njoo uone," kisha angetazama uso wake. Mke akikunja pua, Fundi anajua. Mke akitulia, Fundi anajua. Miaka yote aliishi kwa kusoma uso ule. Sasa uso umegeuziwa ukutani.

Ndipo akamkumbuka Kifaranga.

"Njoo, fundi mdogo. Nusa hapa uniambie."

Mtoto akapiga magoti, akazamisha uso kwenye sponji, akavuta kwa nguvu kama alivyoona watu wakubwa wakifanya. "Babu yupo, Baba."

"Yupo sana au kidogo?"

"Amelala. Ila hajaondoka."

"Safi. Usimwambie mama yako, eti? Hii ni siri ya mafundi."

Kifaranga alifurahi mpaka akasimama kwa vidole. Shuleni walimkataza kukimbia, nyumbani walimkataza kufagia, mchezo wa kamba aliutazama tu. Leo kuna kazi inayomtaka yeye. Kila Fundi alipojaribu dawa mpya, alimwita kwa ishara ya kidole, naye alikuja akinyata. Fundi aliusikia ule mluzi baadaye, unaanza kidogo na kupotea. Alijiambia ni baridi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hali ya hewa.

*

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mke wa Fundi alikuwa amepewa dawa na jirani yake mshona mashuka: siki. Nyunyiza siki, iache ikauke, ikikauka inaondoka na kila harufu. Akanunua chupa mbili, akafungua foronya zote, akailowesha sponji ya chini kwa mkono wake, sehemu kwa sehemu, akimlaani yule mzee kwa adabu, maana ni marehemu. Mvua ilikuwa inapiga upande wa dirisha, akalifunga.

Alikuwa na foronya za mteja za kupeleka ng'ambo ya soko. Akajifunga khanga kichwani.

"Mama, mwambie mwanao nimeweka siki. Asiguse chochote mpaka nirudi. Na Kifaranga akae chumba cha ndani."

Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Leo posta imefungwa."

"Mama, nachelewa."

"Mkuu wa posta amechoka. Nyama yenyewe sijaiona. Mumeo yuko hapo nje, hatua chache, na mdomo wako hauna kutu. Mwambie mwenyewe."

Bibi hakusema hivyo kwa ubaya. Aliona wale wawili wamekaa na kimya kama watu wanaolea nyoka, akasema ngoja nikate njia moja, labda watakutana kwenye nyingine. Alikuwa amewahi kupatanisha wagumu kuliko hawa.

Mke wa Fundi akatoka. Mume alikuwa chini ya paa la kibanda, anapigilia ukanda kwenye kiti kingine, misumari mdomoni. Alipomwona, aliitema misumari kiganjani. Mke akasimama. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Kisha akakumbuka, "unawajua wanawake wakiingia mnadani," na wale watu wawili walivyocheka, na neno likarudi lilikotoka. Akashika njia na mvua yake.

Fundi alimtazama mpaka alipopotea kwenye kona. Akaingia ndani. Bibi na Kifaranga walikuwa chumba cha ndani, Bibi amejilaza, anamsimulia mtoto hadithi kwa sauti ya mtu anayesinzia. Kochi lilikuwa uchi, sponji imelowa. Fundi akatazama juu, kwenye bati. Alijua panavuja. Akanung'unika, akaikamua sponji kidogo kwa kiganja. Mtu mwenye pua angeguna hapo hapo. Harufu ya siki haijifichi. Fundi aliona maji tu.

Naye alikuwa na dawa yake. Dobi wa kona ya pili alikuwa amemuuzia chupa ya dawa ya weupe, ile kali ya kutoa madoa kwenye mashuka. "Hii haibakizi kitu," dobi alisema. Kesho ni Jumamosi. Fundi akaimimina, asijibanie. Akaikandamiza iingie ndani.

Macho yakaanza kumwasha. Koo likamkwaruza. Akajua dawa ni kali, na dawa kali ndiyo dawa. Akasubiri kidogo, akachungulia pazia, akakunja kidole.

Kifaranga akaja akinyata, amejaa umuhimu. "Baba, nyumba ina..."

"Shh! Bibi amelala. Nusa mara ya mwisho. Vuta sana, mama, kesho Mama Saluni anakuja."

Mtoto akapiga magoti. Fundi akamshikilia mabega asiteleze. Kifaranga akazamisha uso, akavuta sana, kama alivyoambiwa.

Hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Fundi kwanza. Aliinua uso umebadilika, macho yanachuruzika, mdomo wazi, na hakuna sauti inayotoka. Mikono yake ikashika shati la baba yake. Kisha kikohozi kikaja, kikavu, kimoja juu ya kingine, na kati ya kikohozi na kikohozi hapakuwa na nafasi ya hewa.

"Kifaranga! Kifaranga, vuta! Vuta pumzi!"

Ule mluzi ambao nyumba nzima iliuogopa, sasa Fundi aliomba ausikie. Hakuusikia. Akambeba, akaupiga mlango teke, akatoka mbio kwenye mvua, peku, mtoto begani. Nyuma yake Bibi alitoka chumba cha ndani anakohoa, khanga puani, akaufuata mlango na kuufunga kwa desturi ya miaka, maana mwizi hana likizo, akakimbia kama alivyoweza.

Mke wa Fundi aliwaona akiwa anarudi kutoka sokoni. Aliona kwanza miguu miwili midogo inaning'inia kifuani mwa mwanamume anayekimbia. Alijua miguu ya nani kabla ya kujua ni nani anayekimbia.

*

Kwenye kituo cha afya walimwekea mtoto kifuniko cha plastiki mdomoni na puani, na mashine ikaanza kutoa mvuke. Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi, mikono yake ina haraka, sauti yake haina.

"Ana pumu?"

"Anayo," mama akasema.

"Leo amevuta nini? Macho yamewiva hivi kwa nini?"

Mama akamtazama mumewe kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Fundi akatazama sakafu. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye suruali yake, yakafanya dimbwi, na dimbwi likamwendea muuguzi kwenye viatu.

"Vumbi," Fundi akasema. "Vumbi la makochi. Mimi ni fundi."

"Niliweka siki kwenye sponji," mama akasema upesi. "Ni siki tu, ya kula. Ni mimi. Niliweka nikaondoka."

"Siki peke yake haimfanyi mtu hivi," muuguzi akasema. Alisubiri. "Haya. Tutamwangalia. Kama ni pumu yake ya siku zote, akitulia mtakwenda naye nyumbani jioni, alale, apate joto."

Wakaketi kwenye benchi, Bibi katikati, kwa mazoea. Mvuke ukaendelea kutoka. Kidogo kidogo kifua cha mtoto kikaanza kupanda na kushuka, kwa shida, lakini kikipanda na kikishuka. Mluzi ukarudi. Mama akaweka uso kwenye viganja vyake, akaushukuru mluzi ule kama mtu aliyeletewa habari za mpotevu.

Bibi alifungua mdomo kusema kitu cha kuchekesha. Kilizoea kuja chenyewe. Safari hii hakikuja. "Nilikataa kupeleka barua," alisema badala yake, kwa sauti ndogo. "Aliniambia nikwambie usiguse, nikakataa. Nilidhani nawafundisha."

Fundi alisikia, ndipo maneno ya mkewe na ya mama yake yalipokutana kichwani mwake. Siki. Kumbe yale hayakuwa maji ya mvua. Alikuwa ameimimina dawa ya dobi juu ya siki, akamshika mtoto mabega, akamwambia avute.

Muuguzi akarudi, akaweka chombo chake cha kusikiliza kwenye mgongo wa mtoto, akatikisa kichwa kuridhika. "Anafunguka. Mkitaka mnaweza kuanza kumvalisha. Nyumbani pakavu lakini?"

"Pakavu," mama akasema, tayari ameshika gauni la mtoto.

Hapo Fundi alikuwa na njia ya kupita. Ilikuwa wazi kabisa mbele yake. Mtoto anapumua. Vumbi limelaumiwa. Siri ya mafundi iko kwa mafundi wawili, na mmoja ana kifuniko mdomoni. Angetangulia nyumbani, angetupa sponji, angefungua dirisha. Halafu angesimama pale katikati ya chumba, na angejuaje kama hewa imekuwa salama? Angejuaje, kesho, keshokutwa, siku yoyote? Angemlaza mtoto kwenye kitanda kile na kumtazama, na sumu ingekuwa inamzunguka puani asiione wala asiinuse.

"Usimvalishe," akasema.

Mke akageuka.

"Dada muuguzi. Niliweka dawa ya weupe. Ya mashuka. Juu ya siki yake. Sikujua kama kuna siki." Akaikazia macho ile mashine ya mvuke. "Na si vumbi. Nilimwambia anuse. Nilimshika mabega, nikamwambia avute sana."

Muuguzi akaacha alichokuwa anafanya. "Hukuisikia? Siki inanuka mpaka kwa jirani! Na vitu hivyo viwili vikikutana vinatoa hewa inayochoma mapafu. Mtu mzima anatoka mbio. Wewe ulikuwa na pua ya nini?"

"Sina," Fundi akasema. "Sinusi. Ni miaka sasa. Nilikuwa namtumia yeye."

Mke wa Fundi alikuwa bado ameshika lile gauni. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja. Alikumbuka kila "hebu njoo uone," kila alipoitwa aje atazame kiti na kumbe anayetazamwa ni yeye. Alikumbuka, "Imekwisha kabisa." Alitaka kumpiga. Alitaka pia kumuuliza umekuwa unakula nini miaka yote hii, mume wangu, kama vyote ni sawa. Hakufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu muuguzi alikuwa amekwisha kumwita daktari, na sauti yake sasa ilikuwa na haraka.

"Halali nyumbani huyu. Hewa ile inaweza kumwacha mtu atulie, halafu kifua kikajaa baadaye. Mngefika nyumbani mkasema amepona. Mama, keti. Bibi, na wewe ulikuwa ndani? Njoo nikusikilize. Na hiyo nyumba, mtu asiingie akafunga mlango."

"Mlango nimeufunga mimi," Bibi akasema.

*

Walimbakiza mpaka asubuhi. Muuguzi hakuwa amewatisha bure: usiku kifua kilimbana tena mara moja, lakini tayari alikuwa mikononi mwao, na hewa ya mtungi karibu. Asubuhi alidai uji, na mama yake akalia ndani ya uji huo.

Mvua ilikuwa imekatika. Walitembea nyumbani polepole, Fundi amembeba mtoto, Bibi nyuma, mke mbele. Hakuna aliyesema neno njiani, lakini si kimya kile cha awali. Kile kilikuwa mlango uliofungwa. Hiki kilikuwa cha watu wanaohofia kwamba wakisema kitu kitavunjika.

Mama Saluni alikuwa amekwisha kufika, mwavuli kwapani, anagonga. Majirani walikuwa wameketi barazani kwao wakimsaidia kusubiri.

"Fundi! Jumamosi imefika. Nagonga hapa kama mdai. Kochi langu linanuka nini leo?"

Fundi akasimama barabarani, mtoto kifuani. Hakusogea mlangoni. Wote walimtazama, dobi kwenye kona yake, jirani mshona mashuka, na wawili watatu waliokuwa wanapita tu.

"Sijui, Mama," akasema. Alisema kwa sauti ya kufika mbali, kwa sababu alijua akiisema kwa sauti ndogo atalazimika kuirudia. "Mimi sinusi. Pua yangu ilikufa zamani, kwa gundi. Niliwaficha. Kochi lile lilichaguliwa vizuri, niliyeliharibu ni mimi. Kianzio chako nitakifanyia kazi, viti vyako vyote vya saluni, mpaka useme basi."

Mtu mmoja alianza kucheka, akaona anacheka peke yake, akakigeuza kikohozi. Mama Saluni alifungua mdomo. Alikuwa na maneno tayari, alikuja nayo kutoka nyumbani. Akamtazama mtoto, alama ya mpira wa kile kifuniko bado imechorwa kwenye mashavu yake, akausogeza mwavuli wake na kuachia njia.

Mke wa Fundi akajifunga khanga puani, akafungua mlango. Akaingia, akafungua dirisha la mbele, akafungua la ndani, akaburuta sponji nje kwa ncha za vidole na kuitupa mbali matopeni. Akarudi ndani. Akakaa humo, akateremsha khanga, akasimama katikati ya chumba.

Fundi alisogea mpaka kwenye kizingiti. Mguu mmoja aliutanguliza, akaurudisha. Mbele yake kilikuwa chumba chake mwenyewe, kitanda, cherehani, mifupa ya kochi, na hewa ambayo kwake haikuwa na jina. Akamkumbatia Kifaranga vizuri zaidi.

"Mke wangu," akaita, mbele ya watu wote, bila posta. "Naweza kumwingiza?"

Mke akavuta pumzi. Akaivuta tena, upande wa kitanda. Uso wake ulikuwa wazi, hakuuficha. Lakini Fundi hakuutazama uso. Alisubiri neno.

"Bado," akasema.

Basi Fundi akaketi chini, hapo hapo kizingitini, mgongo kwa nyumba na uso wa mtoto kwenye upepo, akasubiri kuambiwa.